Ukurasa Unaokawia: Historia ya Kutafuta Chanzo

Kukawia kwa kurasa za tovuti kwenye kompyuta ya mezani ni tatizo lenye umri sawa na vivinjari vya picha vilivyoenea mwaka 1993. Dalili yake haijabadilika sana: mtu anabofya kiungo, kioo kinabaki cheupe, maandishi yanatokea vipande vipande, na kurasa ndefu zinakwama zinaposogezwa. Kilichohama ni makao ya ubovu. Miaka ya mwanzo ulikaa kwenye waya wa simu. Baadaye ukahamia ndani ya kivinjari chenyewe, ukaingia kwenye kumbukumbu na kadi ya michoro, kisha ukajaa ndani ya kurasa. Mafundi walihama nao, lakini kwa kuchelewa, na tiba ya zama moja mara nyingi iliendelea kutolewa katika zama iliyofuata, ambako haikuwa na ugonjwa wa kuponya.

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Kurasa zake zilikuwa maandishi matupu, na maandishi ni mzigo mwepesi hata kwa waya mbovu. Mzigo uliongezeka Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotoa Mosaic mwaka 1993, kivinjari kilichoweka picha katikati ya maandishi badala ya kuifungua katika dirisha la peke yake. Modemu nzuri ya miaka iliyofuata ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde, yaani baiti 3,600. Picha moja ya kilobaiti 100 ilihitaji karibu nusu dakika, ikiwa laini ya simu ilikuwa safi, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Netscape Navigator, iliyotoka mwishoni mwa 1994, ilipunguza uchungu huo kwa mbinu mbili. Ilionyesha maandishi papo hapo huku picha zikiendelea kufika, na ilifungua njia kadhaa kwa wakati mmoja kwenda kwenye seva. Mbinu ya pili ilikuwa muhimu kwa sababu itifaki ya HTTP ya wakati ule ilifungua njia mpya kwa kila picha na kuifunga baada ya kazi. Ukurasa wenye vipicha 20 ulikuwa na safari 21 za kwenda kubisha hodi. Toleo la HTTP 1.1, lililochapishwa mwaka 1997, liliruhusu njia moja kubaki wazi na kutumika tena, lakini likashauri kivinjari kisizidishe njia 2 kwa seva moja. Kivinjari cha Internet Explorer kilishika ushauri huo kwa miaka mingi, na mojawapo ya tiba za mwanzo kabisa za mafundi wa Windows ilikuwa kuingia kwenye rejista ya mfumo na kuongeza idadi hiyo. Tiba hiyo ilifaa kweli, maana foleni ilikuwa pale hasa.

Wakati huohuo kulikuwa na ukawiaji ambao haukutoka kwenye waya, na watu wachache walioutambua walistahili heshima. Waandishi wa kurasa, wakiwa hawana chombo kingine cha kupanga safu, walitumia majedwali: kichwa, menyu na habari vyote viliwekwa ndani ya jedwali moja kubwa. Kivinjari hakikuweza kujua upana wa safu ya kwanza kabla ya kusoma kisanduku cha mwisho, kwa hiyo kilisubiri. Maandishi yote yalikuwa yamekwisha kufika kwenye kompyuta, lakini kioo kilikuwa cheupe. Msomaji alilaumu simu. Dawa ilikuwa mikononi mwa mwandishi wa ukurasa: kuvunja jedwali kubwa kuwa madogo yanayofuatana, na kutaja mapema upana na urefu wa kila picha ili nafasi yake itengwe kabla haijafika. Lugha ya CSS, iliyopitishwa mwaka 1996, ilikusudiwa kuondoa haja ya majedwali hayo, ingawa ilichukua miaka mingi vivinjari vikaielewa kwa namna moja.

Zama hizo ndiko kulikotoka ushauri maarufu kuliko wote, ule wa kufuta kashe. Kashe ni ghala la kurasa na picha zilizokwisha kupakuliwa. Kivinjari huzihifadhi kwenye diski ili zisiletwe tena. Diski ilipokuwa ndogo na karibu kujaa, kusafisha ghala hilo kulikuwa na maana. Ghala lililoharibika pia liliweza kuonyesha ukurasa uliovunjika au wa zamani. Nje ya hali hizo mbili, kufuta kashe kunamlazimisha mtu kupakua upya kila kitu, na ziara ya kwanza baada ya kufuta huwa nzito kuliko iliyotangulia. Hata hivyo ushauri huo umedumu kwa miaka mingi kama hirizi ya kurithi, kwa kuwa ni rahisi kuutekeleza na humpa mtu hisia kwamba kuna kitu kimefanyika.

Afrika Mashariki zama za waya zilikuwa ndefu zaidi, na kwa sababu nyingine. Kabla ya mwaka 2009 pwani kuanzia Somalia hadi Msumbiji haikuwa na mkongo wa baharini uliounganisha nchi hizi na dunia, na mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, na jumla ni kilomita 144,000, umbali ambao hata mwanga huusafiri kwa karibu nusu sekunde. Ukurasa mmoja huhitaji safari kama tatu kabla ya neno la kwanza kufika: kuuliza anwani ya seva, kufungua njia, na kuomba ukurasa wenyewe. Sekunde moja na nusu ilikuwa imekwisha kupotea hata kabla ya kuhesabu wembamba wa njia. Hakuna fundi wa intaneti kafe, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au River Road jijini Nairobi, ambaye angeweza kuipata tena sekunde hiyo kwa kurekebisha kompyuta.

Alichoweza kufanya ni kupunguza safari. Mikahawa iliyojiweza ilisimika seva ya Squid, programu huria iliyotunza nakala za kurasa zinazoombwa mara kwa mara, ili mteja wa kumi apate gazeti lilelile kutoka chumba cha nyuma badala ya kutoka angani. Wateja, waliolipa kwa dakika, walijifunza mbinu zao: kuzima picha, kuandika barua pepe nje ya mtandao kabla ya saa kuanza kuhesabu, kufungua madirisha manne kwa pamoja na kusoma moja huku mengine yakijivuta. Nairobi ilishambulia tatizo hilo kutoka upande mwingine. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya Telkom Kenya kwa mdhibiti wa mawasiliano, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo, data kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa jirani yake ilikuwa ikipitia bara jingine. Kwa tovuti zilizokaa ndani ya nchi, kituo hicho kiliondoa safari ya angani moja kwa moja.

Mkongo wa SEACOM uliwashwa tarehe 23 Julai 2009, ukigusa Dar es Salaam na Mombasa. TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, ulifuata mwaka uleule, na EASSy mwaka 2010. Njia zilipanuka na safari zikafupika. Lakini katika ofisi nyingi ukurasa uliendelea kukawia, na hapo ndipo ubovu uliofichwa na setilaiti ulipojitokeza. Kompyuta za mezani zilizoingia zikiwa zimetumika Ulaya na Marekani zilikuwa na kumbukumbu ndogo na diski zilizochoka. Vivinjari vyake vilikuwa vimebeba safu ya vibaa vya kutafutia, kila kimoja kikiwa kimeingia pamoja na programu ya bure, vingine vikipeleleza na kupachika matangazo. Programu kama Ad-Aware na Spybot zilikuwa zimekwisha kuwa silaha za kawaida za fundi. Kulikuwa pia na hitilafu ndogo lakini sugu: Windows ilipowekwa itafute yenyewe mipangilio ya seva ya uwakala, ilisubiri jibu la seva isiyokuwapo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kuondoa alama moja katika kisanduku cha mipangilio kulimaliza tatizo lililokuwa likinung'unikiwa kwa miezi.

Kubadilika kwa kurasa zenyewe kulianza mapema kidogo. Brendan Eich wa Netscape alibuni JavaScript mwaka 1995 kwa kazi ndogondogo, kama kukagua fomu. Gmail ilipokuja mwaka 2004 na Google Maps mwaka 2005, lugha hiyo ilipewa kazi ya kuendesha programu nzima ndani ya ukurasa, na vivinjari havikuwa vimejengwa kwa mzigo huo. Google ilitoa kivinjari cha Chrome Septemba 2008 kikiwa na injini ya V8, iliyoundwa na kikundi cha Lars Bak huko Aarhus, Denmark, ambayo iligeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa badala ya kuutafsiri mstari kwa mstari. Mozilla na Apple zilikuwa kazini kwenye injini zao mwaka huohuo. Mashindano ya kasi yaliyofuata yaliwafaidi hata watu ambao hawakuwahi kugusa Chrome.

Chrome ilileta pia mgawanyo wa kazi: vichupo viligawanywa katika michakato tofauti, na kivinjari kikapewa jedwali lake la kuonyesha nani anakula prosesa na nani anakula kumbukumbu. Mgawanyo huo ulizuia kichupo kimoja kilichoganda kisiangushe vingine. Gharama yake ilikuwa kumbukumbu. Kompyuta ya gigabaiti 1 ikifunguliwa vichupo 15 huishiwa nafasi, na mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, ambayo katika mashine za zamani ni polepole maelfu ya mara kuliko kumbukumbu. Taa ya diski inayowaka bila kuzima ni ushahidi bora kuliko kipimo chochote cha kasi ya mtandao, na inasikitisha kwamba vifurushi vingi vya intaneti vimenunuliwa ili kutibu upungufu wa kumbukumbu.

Ufundi wa kupima, badala ya kubahatisha, ulipata zana zake katika miaka hiyohiyo. Firebug, iliyoandikwa na Joe Hewitt na kutolewa mwaka 2006 kwa ajili ya Firefox, kivinjari cha Mozilla, ilimwonyesha mtu yeyote kila faili la ukurasa, lilianza lini na lilikwisha lini. Mwaka uliofuata Steve Souders, akiwa Yahoo, alichapisha kitabu chenye kanuni 14 za kuharakisha kurasa pamoja na zana ya YSlow. Hoja yake kuu iliwashtua wahandisi: asilimia 80 hadi 90 ya muda anaosubiri msomaji hutumika baada ya ukurasa wa kwanza kuondoka kwenye seva, katika kuleta na kupanga picha, mitindo na misimbo. Kabla ya hapo mafundi wengi walikuwa wakinunua seva kubwa zaidi.

Kabla ya zana hizo kuenea, watumiaji wa Firefox walikuwa na mazoea ya kubadilisha mipangilio ya ndani kwa kufuata orodha zilizopitishwa mkono kwa mkono. Mpangilio mmoja unafundisha mengi. Firefox ilisubiri milisekunde 250 kabla ya kuchora ukurasa kwa mara ya kwanza, na orodha zilielekeza subira hiyo iwe sifuri. Ukurasa ulionekana kuanza mapema, lakini kivinjari kilichora kidogo, kikafuta, kikachora tena kila kipande kilipofika, na kwenye mashine dhaifu ukurasa mzima ulimalizika baadaye kuliko kabla ya tiba.

Machi 2011 Internet Explorer 9 na Firefox 4 zilitoka zikipishana kwa karibu wiki moja, zote zikiwa zimehamishia uchoraji wa kurasa kwenye kadi ya michoro. Kwenye kompyuta mpya matokeo yalikuwa mazuri sana. Kwenye kompyuta zenye programu endeshi za kadi zilizopitwa na wakati, herufi zilififia, kurasa zilimetameta, na kusogeza ukurasa kukawa kuzito kuliko awali. Watengenezaji walilazimika kutunza orodha za kadi zisizoaminika. Kuzima uharakishaji huo kukawa hatua ya kawaida ya fundi, na ni hatua yenye akili ikiwa inachukuliwa kama jaribio: kasi ikirudi baada ya kuzima, mkosaji amejulikana, na kazi inayobaki ni kusasisha programu endeshi, kisha kuwasha tena. Wengi walizima na kuondoka, wakaiacha prosesa ikibeba mzigo wa watu wawili.

Katika mwongo uliofuata ukurasa wenyewe ndio ulionenepa. Ukurasa wa kati wa kompyuta ya mezani ulipita megabaiti 2, sehemu kubwa ikiwa picha, misimbo ya matangazo na misimbo ya kufuatilia nyendo za msomaji. Flash, programu jalizi ya kuonyesha video na vikaragosi iliyokuwa imelemea prosesa kwa miaka mingi, ilizikwa rasmi mwishoni mwa 2020, lakini JavaScript ilikuwa imekwisha kujaza nafasi yake. Vizuia matangazo vikawa tiba ya kasi, ijapokuwa navyo huchukua kumbukumbu. Itifaki nazo zilirekebishwa: HTTP/2 ya mwaka 2015 ilipitisha maombi mengi katika njia moja, na foleni za njia chache, kama ile iliyosumbua mafundi wa Windows, zikabaki historia. Mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo vya kumhukumu mwenye tovuti, kikiwamo kile kinachotaka kipande kikubwa kuliko vyote cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kurasa zikakawia Tanzania, Kenya na nchi jirani kwenye kompyuta mpya, zenye kumbukumbu ya kutosha na vivinjari vilivyosasishwa jana yake. Wapo waliofuta kashe. Fundi aliyeanza kwa kufungua tovuti iliyo ndani ya nchi na kuilinganisha na ya nje aliliona jibu kwa dakika moja, kwa jaribio lilelile ambalo mtangulizi wake angelifanya siku KIXP ilipofunguliwa tena.