Moshi wa Tumbaku na Vitamini za Mlaji wa Muhogo: Hali ya Kasulu na Kibondo

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambako tumbaku ni miongoni mwa mazao ya biashara, madhara ya uvutaji huelezwa zaidi kwa kutaja mapafu na saratani. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha nje jambo linalomgusa mvutaji kila siku, nalo ni kwamba moshi unakula vitamini za mwili wake, na ukubwa wa hasara hiyo hauwezi kupimwa bila kuangalia chakula anachokula.

Vitamini inayoathirika waziwazi zaidi ni vitamini C. Moshi wa sigara au wa kiko huingiza mwilini vioksidishaji, yaani kemikali zinazonyang'anya chembe za mwili elektroni na kuziharibu, na vitamini C hutumika kwa wingi katika kuzizima, hivi kwamba damu ya mvutaji huwa na kiasi kidogo cha vitamini hiyo hata anapokula sawasawa na jirani yake asiyevuta. Ndiyo maana mwaka 2000 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza mvutaji aongeze miligramu 35 kwa siku juu ya miligramu 90 za mwanamume au 75 za mwanamke. Foleti, ambayo ni vitamini B inayohitajika sana na mjamzito, pamoja na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nazo huonekana kuwa chini kwa wavutaji, ingawa hapo sehemu ya tofauti hutokana na ulaji wao wenyewe.

Miligramu hizo 35 zitoke wapi? Mlo wa kawaida wa nyanda hizi ni ugali wa muhogo kwa maharage, dagaa au sombe, yaani majani ya muhogo, iliyoungwa kwa mawese. Majani mabichi ya muhogo yana vitamini C nyingi, lakini pia yana viambata vinavyozalisha sayanidi, na kwa hiyo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu; moto huohuo unaoondoa sumu huharibu sehemu kubwa ya vitamini C. Mama anayeiacha sombe jikoni mpaka iive kabisa anafanya lililo sahihi, na si haki kumlaumu. Kinachobaki ni matunda kama mapera, mapapai na maembe, ambayo mengine yana msimu, na ambayo huliwa kama kitafunio kuliko kama sehemu ya mlo.

Jambo la pili halitajwi mara nyingi inavyostahili. Moshi wa tumbaku una sayanidi pia. Mwili huigeuza kuwa thiosayanati, isiyo kali sana, kwa kutumia salfa inayotokana na protini, na aina moja ya vitamini B12, haidroksokobalamini, huinasa sayanidi na kutoka nayo katika mkojo. Basi mvutaji anayekula muhogo usiolowekwa vya kutosha hupokea sumu hiyo kwa njia mbili, na kinga yake iko katika maharage na dagaa, vitoweo ambavyo fedha ya sigara ingeweza kuvinunua. Mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, uliotokea Tarime mwaka 1985 ulionyesha sayanidi ya muhogo inavyoweza kudhuru pale protini inapopungua. Tumbaku haikuwa chanzo chake, ila mzigo unaobebwa na mwili ni wa aina ileile.

Wapo watakaosema vidonge vya vitamini vinatosha. Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994, lililohusisha wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, lilipinga tumaini hilo kwa namna ya kutisha, kwani waliopewa miligramu 20 za betakarotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mawese yaliyo katika sombe nayo yana betakarotini, lakini ni chakula na hayapaswi kuogopwa kwa sababu hiyo, lakini kidonge cha betakarotini hakifai kupewa mvutaji.

Kwa upande mwingine, vitamini C ya damu huanza kupanda ndani ya wiki chache baada ya mtu kuacha kuvuta, na kwa kuwa watoto wanaovuta moshi wa watu wengine nao hupungukiwa nayo, mhudumu wa kliniki anayemshauri mama kuhusu lishe ana sababu ya kitabibu ya kuuliza pia kama baba anavuta tumbaku ndani ya nyumba.