Muamala

Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ina pande mbili: watu wanaotendeana. Katika fikihi, miamala ni mambo ya watu wao kwa wao, tofauti na ibada. Leo mtu anaandikiwa kwenye simu kwamba muamala umekamilika, kumbe kadi imekatwa na kampuni ya kamari iliyojificha nyuma ya jina la duka. Ametendeana na nani? Inaniuma. Mitandao ya kadi imeitengea kamari namba yake ya aina ya biashara, 7995. Kampuni inayoikwepa imeuvunja muamala tangu mwanzo. Benki hupokea pingamizi la makato usiyoyaidhinisha, si la mkeka wa kubashiri uliochanika. Na uwahi: kwa Visa, muda wa pingamizi kwa kawaida ni siku 120.