Homofobia: Chuki, Woga au Hofu ya Kudhaniwa?

Neno homofobia halina hata miaka mia. Lilibuniwa katika miaka ya 1960 na George Weinberg, mwanasaikolojia wa New York, likaenea kwa kitabu chake cha mwaka 1972, Society and the Healthy Homosexual. Kitabu hicho kilipotoka, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilikuwa bado kinauhesabu ushoga kuwa maradhi. Kiliufuta katika orodha yake Desemba 1973. Weinberg aliyageuza mashtaka. Hofu inayompanda mtu kwa sababu tu amekaa karibu na shoga ndiyo inayohitaji kuchunguzwa, alisema, na kwa hiyo akaipa jina la Kigiriki kama yale wanayopewa wagonjwa wanaoogopa mahali pa juu au vyumba vilivyofungwa.

Waandishi wetu wa habari wamelifasiri zaidi kuwa "chuki dhidi ya mashoga". Wengine, kwa kufuata Kigiriki chake, wameandika "woga wa ushoga". Tafsiri ya kwanza inafaa panapotajwa kipigo, kufukuzwa kazini au mauaji. Ya pili naiona dhaifu, kwa kuwa inampa mwenye kudhulumu sura ya mtu anayeonewa huruma. Lakini mahali istilahi hii inapopimwa kwa kweli ni shuleni, na huko zote mbili hupwaya.

Mwanasosholojia C. J. Pascoe alikaa mwaka mmoja na nusu katika shule moja ya sekondari ya California, akiwafuata wanafunzi darasani, kwenye karakana ya magari, uwanjani na katika hafla zao. Shule hiyo aliipa jina la bandia, River High. Mwaka 2007 alitoa kitabu, Dude, You're a Fag, na jina lake ni tusi alilolisikia kila siku. "Fag" kwa Kiingereza cha Marekani ni neno la kumdhalilisha shoga, kali kama "msenge" kwetu. Ungetarajia basi kwamba wanaotupiwa ni mashoga. Sivyo alivyokuta. Mvulana aliitwa hivyo kwa kushindwa kazi ya mikono, kwa kulia, kwa kucheza ngoma vibaya au vizuri mno, kwa kujali nguo zake, kwa kumgusa mwenzake kwa upole. Wavulana kadhaa walimwambia wazi kwamba wasingemwita hivyo shoga wa kweli. Shoga, walieleza, anaweza kucheza mpira na kubaki mwanamume. "Fag" ni yule aliyeporomoka kutoka kwenye uanaume, na leo au kesho anaweza kuwa yeyote.

Ndiyo maana kila mmoja alilirusha tusi kwa mwenzake haraka, kabla halijamwangukia yeye. Kulitamka kulikuwa njia ya kuthibitisha kwamba si wewe. Pascoe hakuyaona haya kwa wanafunzi peke yao. Walimu walishiriki mizaha hiyo, na shule yenyewe iliandaa kila mwaka shindano la kumchagua mvulana maarufu kuliko wote, ambapo jukwaani vijana wanyonge waligeuka wanaume wenye misuli na kuwaokoa wasichana wao. Wavulana Weusi walilitumia tusi hilo kwa nadra zaidi. Kwao kujali viatu na kucheza ngoma kulikuwa sehemu ya hip hop, wala hakukuwatia doa. Ila wao ndio walioadhibiwa mara nyingi zaidi na uongozi wa shule. Na katika kundi la maigizo, ambako mvulana alipakwa vipodozi usoni bila kuchekwa, tusi lilipoteza makali yake. Hilo la mwisho naliona la thamani kubwa, kwani linaonyesha kwamba wavulana walewale, katika shule ileile, wanaweza kuishi bila tusi hilo wakipewa mahali pasipolihitaji.

Pascoe alikataa kuiita hali hii homofobia tu. Ukiishia hapo, alisema, utaona chuki kwa watu fulani na usione uanaume unaolindwa kwa chuki hiyo. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumwelewa upesi. "Hanithi", neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na papo hapo ni mwanamume mwenye mwenendo wa kike au anayelala na wanaume. Makosa matatu tofauti yamefungwa katika tusi moja, na kinachoyaunganisha ni kushindwa uanaume. "Shoga" lenyewe, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa moyoni, na mpaka leo mwanamke wa Unguja au Mombasa humwita mwenzake "shoga yangu" kwa mapenzi. Likihamishiwa kwa mwanamume ndipo linapogeuka aibu. Mvulana anayeambiwa "jikaze kiume" anapolia hajaulizwa anampenda nani. Na msichana anayeitwa jikedume wakati mwingine husifiwa hivyo, kama wale wachezaji wa kike wa kikapu aliowaona Pascoe, waliokuwa na tabia za kiume na bado wakapendwa na shule nzima. Kupanda kuelekea uanaume husamehewa kuliko kushuka kutoka humo.

Wataalamu wengine wameifikia hoja hii kwa njia yao. Michael Kimmel aliandika mwaka 1994 kwamba wanaume huogopa wanaume wenzao, wasije wakawavua nguo mbele ya watu na kuonyesha kuwa hawakutimia. Mwaka 2009 Eric Anderson alitumia istilahi nyingine, homohisteria, kwa maana ya hofu ya kudhaniwa shoga, akadai kwamba inapopungua katika jamii wavulana hukumbatiana bila wasiwasi. Mark McCormack, katika kitabu cha mwaka 2012 kuhusu shule tatu za Uingereza, alisema ameyaona mabadiliko hayo kwa macho yake. Wapo wanaompinga wakisema alitazama mahali pazuri mno.

Hapa sarufi yetu ina msaada, kwa sababu kauli ya kutendwa huonyesha mara moja hofu ni ya nini. "Hofu ya shoga" ni jambo moja. "Hofu ya kudhaniwa shoga" na "hofu ya kuitwa shoga" ni jingine, na ndilo lililojaa River High. Ninapendekeza kwa hiyo "chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja" kwa habari za dhuluma na sheria, "homofobia" kwa nadharia na historia yake, na "hofu ya kudhaniwa shoga" kwa yale wanayofanyiana wavulana shuleni. "Woga wa ushoga" tuuache.

Hofu hiyo haiwi mzaha kwa kila mtu. Pascoe anasimulia habari za kijana aliyempa jina la Ricky, shoga kweli, mcheza ngoma mwenye kipaji, ambaye tusi lile lilimfuata kila alipokwenda, pamoja na vitisho na mawe. Tangu mwaka 2000 sheria ya California ilizikataza shule za umma kumbagua mwanafunzi kwa sababu ni shoga. Walimu wake hawakumlinda inavyotakiwa, naye akaacha shule kabla ya kumaliza.

Mwalimu, unapolisikia tusi hilo darasani kwako, lizuie hapohapo, hata kama unaamini kwamba hakuna shoga hata mmoja kati ya wanafunzi wako.