Jiko la moshi la pipa lahitaji miguu ya kuaminika

JIKO la moshi lililotengenezwa kwa pipa la lita 200 ni jambo dogo likiwa bado tupu. Watu wawili hulinyanyua bila taabu, na pengine ndiyo sababu wengi hulitegesha juu ya matofali au vyuma chakavu wakidhani kazi imekwisha. Hatari huonekana baadaye, likishajengewa matofali ndani, likapangwa samaki na kuwashwa moto. Likipinduka saa hiyo, anayeungua ni yule aliyesimama mbele yake, naye mara nyingi ndiye mwenye mali.

Kisiwani Unguja hifadhi ya samaki imetegemea zaidi chumvi na jua. Ng'onda hupasuliwa na kuanikwa, na dagaa wa Mangapwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kutandazwa. Lakini masika yakiingia mwezi Machi jua huwa la kubahatisha, na hapo moshi hupata thamani yake. Nchini Ghana kuna jiko la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi kilicho pwani ya Accra. Hilo hujengwa chini kwa udongo au matofali wala halihitaji miguu. La pipa huhamishwa, kwa hiyo usalama wake wote umo katika kiunzi kinachoubeba mwili wake.

Kabla ya kununua chuma, hesabu uzito. Pipa tupu huwa na kilo 15 hadi 20. Matofali 30 ya udongo wa kuchoma, yenye kilo mbili na nusu kila moja, yanaongeza kilo 75. (Matofali ya saruji yasitumike, kwani hupasuka yakipata moto.) Weka kilo 10 za nyavu na vyuma vya ndani, na kilo 25 za samaki wabichi. Jumla ni kama kilo 130, na bado hujatia kuni. Fundi mwangalifu hukijenga kiunzi kibebe mara tatu ya uzito huo, kwa sababu mtu ataegemea na mkokoteni utagonga.

Kwa mzigo huo, chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 4 kinatosha. Mita moja ina uzito wa takriban kilo 2.4, na vipande viwili vya mita 6 vinamaliza kazi yote. Wapo wanaopenda bomba la mraba kwa kuwa linapendeza, lakini katika kisiwa hiki chuma cha pembe ni bora zaidi: brashi ya rangi hufika kila upande wake, ilhali bomba huoza kwa ndani bila mwenyewe kujua.

Fremu ya juu iwe ya sentimita 50 kwa 80. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 58 likilazwa hapo hudidimia kidogo kati ya vyuma viwili virefu, na halitabingirika. Fremu ikiwa sentimita 75 kutoka ardhini, wavu wa samaki utakuwa usawa wa kiuno. Miguu itanuliwe kwa chini hadi nyayo za mbele na za nyuma ziachane sentimita 70, maana mlango ukifunguliwa kuelekea nyuma, uzito nao huhamia nyuma.

Fundi asichomelee moja kwa moja. Kwanza ashike kila kona kwa nukta, kisha apime mishazari ya fremu. Yote miwili ikiwa sentimita 94 na nusu hivi, kona zimenyooka. Ndipo achomelee kwa kubadilishana kona zinazotazamana, ili joto lisikipinde chuma. Miguu iunganishwe kwa vyuma vya mlalo sentimita 20 kutoka chini, na angalau pande mbili ziwekewe chuma cha mshazari. Kiunzi kisicho na mshazari husimama vizuri siku ya kwanza, halafu huanza kucheza.

Pipa lenyewe lisichomelewe kwenye kiunzi. Chuma cha mita moja hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila nyuzijoto 100, na pipa lililofungwa pande zote litapasua viungo vyake. Kwa upande mmoja lishikwe kwa bolti ngumu, na kwa upande wa pili bolti ipite katika tundu refu.

Pipa lililobeba petroli, rangi au dawa za kilimo lisikatwe kabisa. Mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka. Bomba lenye zinki nalo hutoa mafusho meupe yanayoleta homa. Karakana nyingi za Ng'ambo zimepakana na njia, hivyo watoto wanaosimama kutazama cheche waondolewe. Macho huanza kuwasha kama yaliyoingia mchanga saa kadhaa baadaye, wakati wa kujikinga umekwisha kupita.

Mahali pa kuliweka pana uzito uleule. Kwenye mchanga wa pwani, kila mguu uwe na kitako cha bamba la sentimita 15 kwa 15. Bila hicho, mguu mmoja utazama na jiko litainama. Kwenye sakafu isiyo sawa, miguu minne hukalia mitatu tu. Mafiga ya jikoni hayachezi kwa kuwa ni matatu, lakini kiunzi cha miguu mitatu hupinduka upesi zaidi, hivyo afadhali minne, mmoja wake ukiwa na bolti ya kurekebisha urefu.

Ghorofani Mji Mkongwe lisipandishwe. Sakafu za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikoko, nyingine zimekwisha kuliwa na unyevu, na miguu minne hukusanya mzigo mahali padogo. Sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, hapakuwa na jiko, ila ilionekana wazi jinsi majengo haya yalivyochoka.

Rangi ya kuzuia kutu ipakwe mara mbili, isipokuwa mahali panapogusana na pipa, ambapo huungua na kuwatia samaki harufu. Hewa ya chumvi huanza kula chini ya vitako na kwenye viungo. Kila baada ya miezi michache kiunzi kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kilazwe ubavu na kugongwa kwa nyundo ndogo. Panapotoa sauti nzito au kumenyeka, pakatwe na kuchomelewa upya kabla jiko halijawashwa tena.