Moduli: Istilahi ya Nyumba Inayoungwa

Mradi wa makazi ya watu waliohama au waliohamishwa ukitangazwa, istilahi moja, ya nyumba inayoungwa kwa sehemu, humsumbua kila mfasiri. Mmoja ataandika nyumba za vipande, mwingine nyumba za kuhamishika, wa tatu nyumba za kontena. Mimi nashika nyumba ya moduli. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanalijua neno moduli kwa maana ya sehemu ya somo inayosimama peke yake na kuungana na nyingine, kwa hiyo halitamshangaza fundi kijana.

Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kipimo kidogo. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza jinsi ya kupima hekalu zima kwa kipimo kilichotokana na unene wa nguzo. Leo kanuni za kimataifa za ujenzi zina kipimo cha msingi cha milimita 100, ili mlango uliotengenezwa kiwanda kimoja uingie kwenye ukuta uliojengwa na fundi asiyekijua kiwanda hicho. Nyumba ya moduli basi ina mambo matatu: sehemu inayojirudia, kipimo cha pamoja, na kiungo, yaani mahali ambapo sehemu moja huipokea nyingine. Tafsiri nyingi huishia kwenye jambo la kwanza.

Pwani yetu imeyajua mambo haya zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, chini kidogo ya mita 3, na boriti zenyewe ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini. Kuti la viungo nalo ni sehemu ya paa iliyoshonwa tayari, inayofungwa juu ya nyingine hadi paa liishe. Likioza moja, hutolewa hilo tu. Ningependa sana kusema nyumba ya viungo, ila msikilizaji atawaza karafuu na mdalasini. Vipande siwezi kukubali: vipande ni vya kitu kilichovunjika, na mtu aliyeiacha nyumba yake ikiungua hastahili kukabidhiwa neno hilo pamoja na ufunguo. Kuhamishika ni vibaya zaidi, kwa sababu linamwambia kuwa atahamishwa tena.

Wilaya ya Handeni nchini Tanzania imepokea watu waliohama au waliohamishwa zaidi ya mara moja. Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia katika karne ya 19 walibaki na lugha yao huko bonde la Juba, na vita vya 1991 vilipowatimua, baadhi ya wajukuu wao walirudi kwenye ardhi ya mababu kama wakimbizi. Walikaa kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 wapatao 3,000 wakaanza kuhamia Chogo, makazi ya kudumu, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania.

Juni 2022 msafara wa kwanza wa Wamaasai kutoka Ngorongoro ulifika Msomera, huko huko Handeni. Serikali iliwajengea nyumba za vyumba vitatu kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, na awamu iliyofuata ikalenga nyumba 5,000: 2,500 Msomera, 1,500 Saunyi wilayani Kilindi na 1,000 Kitwai wilayani Simanjiro. Serikali inasema watu walihama kwa hiari. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, inakanusha, na inaeleza pia kuwa nyumba moja ya vyumba vitatu haiitoshi familia ya wake kadhaa na vizazi kadhaa.

Hapo ndipo istilahi inapopimwa. Nyumba za Msomera zinafanana, zimejirudia kwa mamia, na mtu angeweza kuziita za moduli kwa sababu hiyo tu. Lakini boma la Kimaasai ni la moduli zaidi: kila mke hujenga nyumba yake mwenyewe, na familia ikikua boma huongezewa nyumba kwenye uzio ule ule. Ramani moja kwa kila kaya ni mfanano. Mfanano humrahisishia mjenzi. Umoduli humrahisishia mwenye nyumba.

Vifaa vya kujenga kwa moduli vipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza kwa miaka mingi tofali la kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila tanuri na bila kuni. Lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Upana ni nusu ya urefu, ndiyo maana kona hugeuka bila kukata tofali. Juu lina vinundu, chini vishimo, na kozi, yaani safu, ya pili huketi juu ya ile ya kwanza pasipo udongo wa kuungia. Kozi ya kwanza peke yake hulazwa kwenye saruji, na fundi huitengea muda mrefu kuliko zote, kwani ikipinda kidogo chini, ukuta wote juu utafuata. Kabla ya hapo tofali lazima limwagiliwe na kufunikwa kwa siku kadhaa. Kwa Handeni yenye shida ya maji ya siku nyingi, hilo ni la kupangwa mapema.

Nikisema pia kuwa nyumba ya moduli ni endelevu, maana ninayoitaka ni hii: nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuiendeleza. Vijijini Makuyuni, Korogwe, nyumba ya miti iliyokandikwa hutolewa upenu mtoto anapooa, na hakuna anayemwita mhandisi. Nyumba ya moduli ya walioanza upya inapaswa kuruhusu hivyo hivyo. Msingi urefushwe upande mmoja, mwisho wa ukuta uachwe tofali moja limetokeza na moja limeingia ndani, na mashine ya kushindilia ibaki kijijini mkandarasi akiondoka.