Matangazo ya kundi yanapokwama kati ya mitandao miwili

Na Mwandishi Wetu

OFISI yenye majengo mawili inaweza kukumbwa na jambo la kushangaza: video ya mkutano inaonekana vizuri katika jengo la kwanza, huku jengo la pili likibaki na skrini nyeusi, ingawa barua pepe na tovuti zinapatikana kama kawaida. Ni rahisi kulaumu kebo na kununua ruta mpya, ilhali iliyopo haina kosa ila haijapewa maelekezo.

Video ya namna hiyo hutumwa kwa njia ya maltikasti, yaani utumaji kwa kundi. Kwa utumaji wa kawaida, watazamaji 200 wa video ya megabiti 4 kwa sekunde huhitaji megabiti 800 kutoka kwenye seva. Kwa maltikasti, seva hutoa nakala moja tu, na ruta huzidisha nakala pale njia zinapoachana. Utaratibu huo uliasisiwa na Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 1989.

Tatizo ni kwamba ruta nyingi hazipitishi maltikasti mpaka ziamriwe. Kwa hiyo, kompyuta mbili kuwasiliana kwa njia ya kawaida si uthibitisho kwamba video itapita. Mambo matano yanapaswa kukaguliwa.

Kwanza ni anwani. Makundi hutumia anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, lakini zile zinazoanza na 224.0.0 hazivuki ruta kamwe. Kwa matumizi ya ndani ya ofisi, zinafaa zinazoanza na 239.

Pili ni TTL, hesabu ya uhai wa pakiti. Kila ruta huipunguza kwa 1. Programu ikituma pakiti yenye TTL ya 1, safari huishia kwenye ruta ya kwanza.

Tatu ni uanachama. Kompyuta ya mtazamaji huomba kujiunga na kundi kwa itifaki ya IGMP. Ikiwa ombi limezuiwa na ukuta wa usalama, ruta haitaleta chochote. Video inayoonekana kwa dakika chache kisha ikakatika huashiria kwamba hakuna ruta wala swichi inayouliza mara kwa mara nani bado ni mwanachama.

Nne ni itifaki ya PIM, ambayo huelekeza maltikasti kutoka ruta moja hadi nyingine. Iwashwe katika kila mlango wa ruta ulio njiani, na ruta zote zikubaliane kuhusu ruta moja ya makutano.

Tano ni njia ya kurudi. Ruta hupokea pakiti ya kundi kupitia tu mlango ambao yenyewe ingeutumia kumfikia mtumaji. Majengo yakiwa na viungo viwili, na video ikipita kile kisichotarajiwa, pakiti hutupwa bila mtazamaji kupata taarifa yoyote.

Njia nzuri ya kutafuta kosa ni kuanzia kwa mtazamaji na kurudi nyuma kuelekea kwa mtumaji, ruta moja baada ya nyingine, huku orodha ya makundi ya kila ruta ikikaguliwa. Pale kumbukumbu ya kundi inapokoma, hapo ndipo pa kuchunguza, kabla ya kutumia fedha kununua kifaa kipya.