Namna Mzazi Anavyoweza Kuzungumza na Kijana Balehe Kuhusu Afya ya Uzazi

Ujana balehe ni kipindi cha kati ya umri wa miaka 10 na 19, ambapo mwili, hisia na fikra za mtoto hubadilika kwa kasi. Katika kipindi hiki baadhi ya vijana huanza uhusiano wa kimapenzi, na wengine hukumbwa na vishawishi au vitisho vya watu wazima. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito.

Zamani, katika jamii nyingi, mafunzo haya hayakuwa kazi ya mama na baba. Msichana alifundwa na somo, kungwi, bibi au shangazi, na mvulana alifundwa jandoni. Leo familia nyingi huishi mbali na ndugu hao, na mzazi aliyezoea kuona haya huwaachia walimu jukumu hilo, nao walimu hudhani limekwisha kufanyika nyumbani. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu huo umo ndani ya simu ya mkononi.

Wazazi wengi huogopa kuwa kulizungumza jambo hili ni kumfungulia mtoto njia. Mwongozo wa kimataifa wa elimu ya ujinsia uliotolewa na UNESCO mwaka 2018, baada ya kupitia tafiti nyingi, unaonesha kuwa elimu sahihi haiharakishi kuanza ngono.

Mazungumzo yaanze mapema na kukua pamoja na mtoto. Mtoto mdogo afahamu majina sahihi ya viungo vyake, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumshika sehemu za siri na kumtaka afiche. Kuanzia miaka minane au tisa, msichana aelezwe kuhusu hedhi kabla haijamfika, na mvulana kuhusu ndoto nyevu, ili wasidhani kuwa wanaumwa. Baadaye yafuate mahusiano, ujauzito, njia za kujikinga, magonjwa ya ngono na Virusi vya Ukimwi (VVU). Mvulana naye afundishwe kuheshimu neno “hapana”. Mzigo wa kujilinda usiachwe kwa msichana peke yake.

Si lazima kuitisha kikao. Kijana huzungumza kwa urahisi zaidi mikono ikiwa kazini: wakati wa kuchambua mboga, kufua au kutembea kwenda shambani. Mzazi asikilize kabla ya kuhukumu na ajibu kile alichoulizwa. Asipojua jibu, aseme hivyo, kisha watafute pamoja kwa mhudumu wa afya. Mzazi anayeshindwa kwa sababu ya haya anaweza kumwomba shangazi, mjomba au ndugu mwingine mwaminifu. Kitisho na matusi humfanya kijana afiche tatizo hadi limekuwa kubwa.

Ni vyema mzazi azijue huduma na sheria zilizopo. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana mwenye umri wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito.

Kijana akifanyiwa ukatili wa kingono, afikishwe haraka katika kituo cha afya, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Taarifa itolewe katika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au kwa kupiga namba 116 bila malipo. Kulimaliza suala kifamilia kwa kupokea fidia humnyima mtoto haki na kumwacha mhalifu huru.

Msichana akipata ujauzito, kumfukuza nyumbani humwongezea hatari. Anahitaji kuanza kliniki mapema, na baada ya kujifungua anaweza kurejea shuleni, kwa mujibu wa uamuzi wa Serikali wa Novemba 2021. Kurejea huko kunategemea kwanza iwapo nyumbani kuna mtu wa kumlea mtoto na kumtia moyo mama yake.